Ziwa lilipofungwa mume wangu akashika taa

Jikoni kwetu hapa Ujiji kuna kalenda moja tu ukutani, ile ya msikitini yenye tarehe za kizungu kwa maandishi makubwa na za kiislamu kwa maandishi madogo mekundu pembeni, na hiyo kalenda ndo inaendesha nyumba nzima. Mume wangu anasoma yale madogo. Yeye ni mvuvi wa dagaa, na dagaa wa Tanganyika anavuliwa usiku kwa taa, sasa mwezi ukishakua mkubwa ziwa zima linakua jeupe dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, kwa hiyo kuanzia tarehe 13 hivi ya mwezi mwandamo mpaka 19 au 20 anakua nyumbani, anashona nyavu, mchana kalala kama paka. Mimi nasoma yale makubwa, na kwenye yale makubwa nasoma safu ya Jumamosi tu. Mimi ni mpiga picha, wa harusi na wa studio, mwaka wa kumi na kitu huu.

Raha yangu mimi ni Jumamosi ya harusi iangukie mbalamwezi. Baba Zuhura yupo nyumbani, watoto wana mtu, naondoka na begi langu saa nne asubuhi narudi saa nane usiku bila kua na deni kwa mtu yeyote. Ikiangukia giza ndo kasheshe. Yeye anatakiwa awe mwaloni Kibirizi jua likizama, mimi natakiwa niwe ukumbini, watoto wawili wabaki na nani? Mama mkwe yupo nyumba ya pili hapo, na kiukweli hajawahi kunikatalia hata siku moja, ila kila nikimpelekea wajukuu na mito yao ananiangalia kuanzia miguuni ananiambia, "Mwanangu, hiyo harusi haina wanaume wa kupiga picha?" Miaka yote hiyo swali ni hilo hilo. Na jibu langu ni lile lile, nacheka naondoka.

Jibu lenyewe la kweli lipo lakini. Harusi nyingi za huku Ujiji sehemu tamu yote iko ndani kwa akina mama, biharusi anapambwa, anachezwa, nywele ziko wazi, mabega yako wazi, mwanaume hakanyagi. Mi nilianza mwaka 2009 kwenye studio ya mzee mmoja pale Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kazi yangu ilikua kukata picha za pasipoti kwa kisu na kufagia, pazia lake la nyuma lilichorwa maporomoko ya maji na pembeni ya maporomoko ndege imepaki, sijui ilituaje hapo, watu walikua wanaipenda balaa. Siku moja wakaja wamama watatu kutoka Ujiji wakamwambia mzee tunataka picha za ndani lakini wewe hatukutaki. Mzee akacheka akanipa kamera yake, flashi, na sentensi moja: "Mtu akikaa mbele ya kamera anabana pumzi, we subiri aitoe." Nikaenda, nikapiga picha 200 na kitu, nusu nyeusi tii, lakini zile zilizotoka wamama walizipenda, na tangu hapo sijawahi kukosa kazi ya ndani.

Ila hiyo kazi ya ndani ndo ilonipa aibu kubwa kuliko zote. Ngoja niiseme nisonge mbele. Mwaka mmoja nilipiga biharusi mmoja mzuri, yaani mzuri mpaka unasahau kubonyeza, hina mpaka viwikoni, anajifunga kilemba mwenyewe mbele ya kioo, na mimi kwa kiherehere changu nikaiweka hiyo picha stetasi WhatsApp. Nilijiambia wanaoona stetasi zangu ni wateja wangu tu, wanawake. Kumbe namba yangu wanayo watu wa mapambo, wenye kumbi, madereva, MC, na shemeji yake bwana harusi. Ilikaa kama dakika 40. Nikapigiwa simu sauti ya mwanaume haijanisalimia, inasema tu, "Toa." Nilitoa, lakini umeshatoa nini hapo. Kesho yake nilivaa baibui nikamchukua mama mkwe, ndio, huyo huyo, tukaenda kwa ile familia kuomba radhi, yeye ndo aliongea mimi nilikua nimeinamia mkeka. Walinisamehe. Biharusi mwenyewe ndo hakuja kunisalimia na mpaka leo tukikutana sokoni ananiitikia kwa kichwa.

Tangu hapo picha za ndani nazipiga kwenye memori kadi yake peke yake, kadi ina alama ya rangi ya kucha, naediti nyumbani sio studio, nakabidhi mkononi kwa biharusi au mama yake, na ya matangazo naomba kwa maneno picha moja moja, hii naweza kuweka, hii je. Wengi wanakubali mikono yenye hina na keki.

Watu wananiuliza sana mambo ya kamera, eti unatumia kamera gani, kana kwamba ndo inajua. Ya kwangu ya kwanza ni Canon 600D iliyotumika, iliagizwa Kariakoo ikaja na treni mpaka huku mwisho wa reli, pamoja na lenzi moja ya 50mm ile ya bei rahisi, na hiyo lenzi mpaka leo ipo. Kilichonisumbua miaka miwili mizima ni shela. Ukiiachia kamera ijipimie yenyewe, inataka kila kitu kiwe cha kijivu kijivu cha katikati, ikiona lile shela jeupe limejaa kwenye fremu inasema duh mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa biharusi ambao ni mweusi kama wetu unazama. Picha inatoka shela safi, mtu hayupo. Bwana harusi na suti yake nyeusi ni kinyume chake, kamera inaongeza mwanga, paji la uso linang'aa kama sufuria. Nilikua nalaumu vipodozi! Dawa yake ni kupima mwanga usoni, sio kwenye nguo, na kwa shela kupandisha kidogo alafu uache shela lijitetee.

Na jua. Hili la jua nawacheka sana wenzangu wanaokuja kutoka Dar na droni zao. Huku tupo magharibi kabisa, saa ni moja nchi nzima lakini jua halijui hilo, jua la utosi kwetu ni saa saba mchana, na kuzama ni karibu saa moja jioni. Wao wanawabeba maharusi saa kumi jioni wanakimbizana nao mpaka ufukweni wakati jua bado linapiga kama nyundo, wote wamekunja sura. Mi nawaambia maharusi wangu mle kwanza, mpumzike, saa kumi na mbili na robo tukutane. Kiangazi hata milima ya Kongo ng'ambo huioni, moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda, jua linashuka jekundu kama tunda la mchikichi, unaweza kuliangalia kwa macho. Masika hewa imeoshwa, milima inaonekana mpaka mikunjo yake, ila mvua nayo haina miadi. Shida ni moja, zile dakika tamu kabisa ndo dakika za kuelekea magharibi, adhana ikilia bwana harusi anaondoka kuswali na hutamshika mkono, kwa hiyo mimi nahesabu kurudi nyuma kutoka adhana, sio kutoka jua.

Kuna wanaong'ang'ania chini ya ile miembe ya kumbukumbu ya Livingstone, hapo walipokutana na Stanley mwaka 1871, miembe ya sasa wanasema imetokana na ule wenyewe. Pazuri, pana kivuli. Lakini majani ya mwembe yanamwaga ukijani kwenye ngozi, saa sita ya mchana biharusi anakua kama ana homa ya manjano, nawasogeza pembeni mpaka ukingo wa kivuli waangalie penye uwazi. Stesheni ya Kigoma, lile jengo la Mjerumani, ni bora zaidi, lina ile veranda ndefu yenye matao, mwanga unaingia upande mmoja tu. Ombeni ruhusa tu kwanza.

Sasa nyumbani. Mtoto wangu wa pili alipokua na miaka mitatu alikua anapenda kuangalia kwenye lenzi akione kijitu mle ndani. Siku moja tumekula wali na maharage ya mawese, mi nafunga begi haraka haraka bodaboda anapiga honi nje, sikuangalia. Nimepiga ndoa nzima ya kanisani Katubuka, kuanzia kuingia mpaka pete, nashangaa mbona picha kama kuna moshi, nikadhani ni ubani. Nimefika kwenye kusaini vyeti ndo nageuza lenzi kwenye jua, dole gumba dogo hiloo, la rangi ya chungwa, katikati ya kioo. Niliwapa album wakasema, "Dada hizi za kanisani umeziwekea efekti nzuri." Nikasema asanteni. Mungu anisamehe.

Baba Zuhura miaka hiyo hakua adui wa kazi yangu, lakini alikua anaiita "mambo yako ya picha". Mambo yako ya picha yamelipa? Mambo yako ya picha yanaisha saa ngapi? Na hela za harusi zilikua zinamchekesha, maana yeye akishusha dagaa asubuhi mama wa kununua anahesabu noti hapo hapo mchangani, mimi nafanya kazi Jumamosi na kulipwa nafuatilia mwezi mzima. Kamati ya harusi ni mnyama wa ajabu. Kabla ya sherehe mwenyekiti, katibu, mhazini wote wana simu, sherehe ikiisha Jumapili kamati imevunjwa, kila mtu anakwambia muulize fulani. Kuna mmoja alinizungusha laki 2 miezi mitano, mwishoe mama yake bwana harusi ndo alilipa kutoka mfukoni kwake kwa aibu. Sa hivi nachukua nusu siku ya kuandikisha tarehe, na nusu nyingine asubuhi ya harusi kabla sijatoa kamera kwenye begi. Mwanzoni niliona haya. Mume wangu ndo alinambia, "Kwani muuza keki anakopesha keki?"

Lakini kilichombadilisha yeye ni msiba. Alikua na mwenzake kwenye boti, kijana mcheshi, mtu wa kubeba kila kitu cha kila mtu. Aliugua siku nne tu. Jioni ya msiba mkewe akaja kwangu kashikwa mkono na wifi yake, anataka picha ya marehemu ya kuweka mbele pale watu wanapokuja kuhani, anakumbuka mume wake alipiga pasipoti kwangu kwa ajili ya leseni ya uvuvi. Ni kweli alipiga. Naikumbuka mpaka shati. Na mwaka 2021 laptopu ilikua imejaa, nilikua na harusi ya haraka, nikafuta folda zote za pasipoti za miaka mitatu nyuma, kwa sababu nani anarudia pasipoti?

Unajua ukifuta picha hazipotei saa hiyo hiyo, kompyuta inaandika tu kwamba nafasi hii iko huru, kama hujaweka kitu kingine juu yake kuna programu zinaweza kuzirudisha, ndo maana ukifuta kwa bahati mbaya unaambiwa usiguse kitu. Mimi nilishapakia juu yake harusi za zaidi ya mwaka. Nilijaribu. Zilirudi nusu picha za watu nisiowajua, kidevu cha mtu, sikio.

Nikamkumbuka yule mzee wa Mwanga. Negativu zake zote alikua anaweka kwenye makopo ya biskuti, juu ameandika mwaka kwa wino, makopo yamepangwa mpaka darini, na mimi binti wa kufagia nilikua nakasirika nayo kwa sababu ya vumbi.

Nilianza kufungua harusi ambazo bado ninazo, moja moja, natafuta uso mmoja kwenye nyuso za watu 300. Mume wangu alikua arudi msibani kulala, hakwenda, alikaa nyuma yangu kwenye kigoda. Saa nane na kitu akanigusa bega akasema, "Rudi nyuma. Mbili nyuma." Ilikua harusi ya binamu yake, mimi nimewapiga wazee wamekaa safu ya mbele, na nyuma yao kabisa, mlangoni, jamaa anapita kabeba kreti la soda begani, kageuza uso nusu, anamcheka mtu ambaye hayupo kwenye picha. Kichwa chake kwenye kioo cha laptopu kilikua kama punje ya hindi. Nikaikata, nikaikuza, nikaisafisha nilivyoweza, ikatoka A4 yenye chenga chenga na mpaka wa kreti upo shavuni haukutoka. Asubuhi nikampelekea mkewe. Akaishika muda mrefu, mi nasubiri aseme hafanani. Akasema, "Hili shati nilimnunulia mimi."

Giza lililofuata, hela ya kwanza aliyopata ziwani baba Zuhura alinipa laki na nusu akasema kanunue sahani zako. Sahani ndo anavyoziita hard disk, zile za kutunzia picha. Moja inakaa studio moja inakaa kwa mama mkwe ndani ya kabati la vyombo vya wageni, imefungwa kwenye kanga, na kila baada ya harusi naenda kuongeza. Nyumba moja ikiungua nyingine ina kila kitu. Mama mkwe hajui kilichomo anajua ni cha maana, siku wajukuu wamekisogelea nilimsikia huku nje anavyofoka.

Alafu ukaja mwaka 2024. Mwaka huo kwaresma na Ramadhani ziligongana, wakatoliki hawaoi, waislamu hawaoi, mimi nimekaa kuanzia katikati ya mwezi wa pili mpaka Idd mwezi wa nne napiga pasipoti tu. Nikasema si neno, dagaa wapo. Tarehe 15 mwezi wa tano ziwa likafungwa. Miezi 3, mpaka 15 Agosti, nchi zote 4 zilizolizunguka zilikubaliana, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, samaki wapate kuzaliana. Mume wangu ukimuuliza anakwambia ni sawa, samaki walishakua wadogo, walishapungua, anaongea vizuri tu. Ila mwanaume aliyezoea kutoka jua likizama, jua likizama anasimama. Anazunguka uani. Anafungua friji anafunga.

Na harusi zikasinyaa nazo. Hapa kwetu mchango wa harusi ni hela ya samaki hata kama mchangaji ni mwalimu au fundi cherehani, maana wateja wake wanalipa kwa hela ya samaki. Kadi zinagawiwa, ahadi zinaandikwa, hela haiji. Kazi ya laki 5 nikafanya kwa laki 3, nyingine nikalipwa laki na nusu pamoja na dumu la lita 20 la mawese. Kijana aliyekua ananisaidia kubeba taa nikamwambia ukweli sina cha kumpa, akaenda Kasulu kwa mjomba wake.

Ijumaa moja usiku nachaji betri, baba Zuhura anasema, "Kesho ntakubebea begi." Nikadhani anatania. Jumamosi saa nne kavaa shati la Idd.

Wiki ya kwanza alikua ananiudhi, anasalimiana na watu wakati mi namtafuta. Wiki ya pili nikampa ile flashi yenye mwavuli mweupe nikamwambia shika hapa, juu ya kichwa cha biharusi. Kashika kidogo akaishusha. Nikamwambia pandisha, kapandisha, kashusha tena, akaisogeza pembeni usawa wa sikio na mbele kidogo. Nikaja juu, mbele za watu, "We baba Zuhura!" Akasema taratibu, "Ukiiweka juu macho yake yanakua mashimo. Angalia." Nikaangalia. Kweli. Miaka kumi na tano napiga picha ananifundisha mtu wa dagaa.

Na ukifikiria, mtu huyu kazi yake ni taa. Maisha yake yote anaangalia mwanga unavyoingia kwenye giza, anajua ukiutingisha dagaa wanashtuka wanazama, kwa hiyo mkono wake hautetemeki, anaweza kushika taa dakika ishirini kama kapigiliwa msumari. Yule kijana wangu alikua anashika taa huku anachati.

Julai tulikua na sherehe ukumbi mmoja maeneo ya Gungu, watu wameshakula, keki imeletwa, maharusi wamesimama na kisu, umeme ukakata. Zamani kila ukumbi ulikua na jenereta inayowaka, sa hivi wamebweteka, ya pale ilivutwa kamba weee mpaka kamba ikabaki mkononi mwa kijana. Flashi zangu zinafanya kazi kwa betri lakini kwenye giza totoro kamera haioni pa kufokasi, na sherehe yenyewe haiwezi kuendelea kwa flashi, watu washaanza kuwasha tochi za simu, watoto wanalia, MC hana maiki. Nageuka mshika taa wangu hayupo.

Alirudi kama nusu saa baadae, kwenye bodaboda, katikati yake na dereva betri la boti, na taa mbili za ziwani kaning'iniza mkono wa kulia na kushoto kama anapeleka majogoo mnadani. Akazifunga kwenye nguzo mbili za mapambo, akawasha. Aisee ukumbi wote uliguna. Zile taa zinatoboa, mwanga mweupe mkali wa kubluu, biharusi akawa kama karatasi na kivuli cha kisu kimekatiza uso. Naangalia kamera yangu nasema hapana. Yeye yupo ameshamfuata dada mmoja wa kamati, namuona anamwambia kitu, yule dada anavua mtandio wake mweupe mpana anampa, akaukunja mara mbili akaufunga mbele ya taa moja, ile nyingine akaigeuza iangalie ukuta mweupe wa nyuma. Mwanga ukalala. Nikarekebisha rangi kwenye kamera kuondoa ule ubluu, nikapandisha ISO, ile ya kuisaidia kamera ione penye mwanga mdogo, nikapiga keki, nikapiga mama yake biharusi analia huku anatafuna, nikapiga vikongwe wanacheza bila muziki kwa makofi tu, na zile picha mpaka leo mtu akiingia studio ndo anaziulizia, mlitumia taa gani. Nasema za dagaa. Wanacheka wanadhani nafanya utani.

Mtandio yule dada alituachia. Nikaufua nikaukunja kwenye begi, ukawa kifaa rasmi, tukawa tunaufunga kwenye kila taa.

Tarehe 15 Agosti ziwa likafunguliwa. Sitasema nilihuzunika, nyumba ilikua inadaiwa mpaka duka la sukari. Lakini ile jioni ya kwanza namuona anabeba taa zake anatoka na mimi Jumamosi inayofuata nina harusi, nilisimama mbele ya kalenda nahesabu yale maandishi madogo. Ilikua siku ya 10, mwezi bado siku chache ukomae. Akanikuta hapo. Akasema wiki ijayo mbalamwezi, harusi yako ya wiki ijayo nipo. Ya wiki hii chukua mdogo wangu, nimeshamwambia asishike juu ya kichwa.

Nikaenda na shemeji. Ukumbini natafuta mtandio begini, sioni. Nikapiga simu, haipatikani, yupo katikati ya ziwa huko. Tukafunga taulo. Asubuhi anarudi na magamba mpaka kwenye nyusi, anatoa mtandio mfukoni anasema samahani mama Zuhura, jana taa ilikua kali sana machoni nikaufunga, dagaa wamekuja vizuri tu.

Nimeufua mara tatu, kwa limao, kwa sabuni ya unga, nikauanika siku mbili. Jumamosi ya mbalamwezi tupo kazini, yeye kashika taa, mtandio umefungwa, taa ikapata moto. Biharusi kageuza pua kidogo, bado anatabasamu kwa ajili ya kamera, anamuuliza msimamizi wake bila kufungua midomo, "Nani kaja na dagaa humu ndani?"

Mkono wa baba Zuhura haukutingishika.